Bima ya Afya Isiishie Mlangoni mwa Ofisi

Mjadala juu ya njia ya kuwafikishia Watanzania wote bima ya afya umewagawa watu pande mbili. Wapo wanaotaka mambo yaende hatua kwa hatua, kundi hili mwaka huu na kundi lile mwaka ujao, kadiri fedha na zahanati zitakavyoruhusu. Wapo pia wanaotaka mageuzi ya mkupuo mmoja, kila mwananchi aingie siku moja, na mifuko yote ya zamani ivunjwe iundwe mipya. Pande zote mbili zina watu waaminifu, na pande zote mbili zina hoja. Lakini liko jambo ambalo husemwa mara chache mno katika ofisi za Serikali na katika vyumba vya walimu ambamo mjadala huu huendeshwa kwa bidii kubwa, nalo ni kwamba karibu wote wanaojadili humo tayari wana kadi mfukoni.

Hilo si kosa lao. Ni matokeo ya namna Taifa lilivyoanza. Lakini mtu aliyekwisha kupanda basi, akaketi, hana budi kuwa mwangalifu anapowaambia waliobaki kituoni kwamba safari yataka subira.

Ipo faida kuutoa mjadala huu Dodoma na Dar es Salaam na kuupeleka Kisiba, upande wa Masoko katika Wilaya ya Rungwe, kwenye maziwa yaliyoachwa na volkano za kale. Rungwe si wilaya ya watu maskini wa kupindukia. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na ardhi hutoa ndizi, kahawa, chai, kakao, viazi na maparachichi, mbali na maziwa ya ng'ombe. Hata hivyo huko, kama ilivyo katika vijiji vingine vya Tanzania, yumkini nyumba mbili zikatazamana, moja ya mwalimu wa shule ya msingi na nyingine ya mkulima wa ndizi. Watoto wao husoma darasa moja, huchota maji mahali pamoja na huumwa na mbu walewale. Homa ikiwapata usiku, wote wawili watapakiwa kwenye pikipiki ileile na kupandishwa barabara ileile kwenda Tukuyu, katika hospitali ya wilaya pale Makandana. Hapo dirishani ndipo njia zao hutengana. Mtoto wa mwalimu huonyesha kadi. Baba wa mtoto wa pili huulizwa fedha, papo kwa papo, na kama ugonjwa ni mkubwa na rufaa ni ya Mbeya, umbali wa kilometa zipatazo 70 kutoka Tukuyu, basi mkungu wa ndizi hautoshi, na pengine ng'ombe atauzwa.

Mwalimu huyo hakuzaliwa na kadi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 Taifa lilichagua kwamba tiba isiwe bidhaa, na mwaka 1977 Serikali ikapiga marufuku tiba ya kibinafsi ya kutafuta faida. Zahanati na vituo vya afya vilijengwa vijijini, na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kando ya redio zao, wengi wakiongozwa na walimu. Uchumi ulipoyumba katika miaka ya 1980 dawa zikapungua, na tiba ya bure ikawa mara nyingi ni bure ya kuandikiwa karatasi. Mwaka 1991 tiba ya kibinafsi ikaruhusiwa tena, na mwaka 1993 ukaanza utaratibu wa kuchangia gharama, kwanza katika hospitali za rufaa na za mikoa, halafu ukateremka hadi wilayani. Misamaha iliwekwa kwa wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo. Kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la hospitali anajua jinsi msamaha ulioandikwa ukutani unavyoweza kushindwa na kabati la dawa lililo tupu.

Ndipo bima ikaja, na ikaja kwa hatua. Bunge lilitunga sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya mwaka 1999, na Mfuko ukaanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa Serikali, kwa mchango wa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikikatwa kwa mtumishi na nusu ikitolewa na mwajiri. Kwa mkulima ukawekwa Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao ulijaribiwa Igunga mwaka 1996 na kupewa sheria yake mwaka 2001. Huo ulikuwa wa hiari. Mkulima alitakiwa kulipa mara moja kwa mwaka, na Serikali iliahidi kuongeza kiasi kilekile kwa mtindo uliojulikana kama tele kwa tele. Ulipoboreshwa mwaka 2018, mchango uliwekwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita.

Matokeo yake yalionekana zaidi ya miaka 20 baadaye. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, na mwaka huohuo Serikali yenyewe ilisema kwamba Watanzania wenye bima ya afya ya namna yoyote walikuwa asilimia 15 hivi. Zaidi ya nusu ya hao walikuwa katika Mfuko wa Taifa, yaani hasa watumishi na familia zao. Kwa hiyo anayesema kwamba Tanzania ijaribu njia ya hatua kwa hatua anazungumza kana kwamba haijajaribiwa. Imejaribiwa kwa zaidi ya miongo miwili. Hatua ya kwanza ilipigwa kwa mguu imara, na mguu wa pili ukabaki hewani.

Bendera ya Chama cha Mapinduzi ina jembe na nyundo. Vyombo hivyo viwili viliwekwa pamoja kwa makusudi. Katika bima ya afya nyundo imekuwa na kadi tangu mwaka 2001, na jembe limeambiwa lijiunge kwa hiari likipata nafasi.

Haifai hata hivyo kuwabeza wanaoshauri tahadhari, kwa kuwa mfano wa kutisha upo jirani. Kenya ilikuwa na mfuko wake wa bima ya hospitali tangu mwaka 1966. Tarehe 1 Oktoba 2024 mfuko huo uliondolewa na mwingine kuwekwa mahali pake, wenye mamlaka mpya, mchango mpya wa asilimia 2.75 ya mshahara, na mitambo mipya ya kompyuta. Mahakama Kuu ilikuwa imekwisha kuzitangaza sheria zake kuwa kinyume cha Katiba mwezi Julai mwaka huohuo, na Mahakama ya Rufani ikausimamisha uamuzi huo mwezi Septemba, wiki chache tu kabla ya siku ya kuanza. Wagonjwa walifika hospitalini wakakuta mitambo haiwatambui. Wasio na mshahara walipimwa uwezo wao kwa maswali juu ya nyumba na mali zao, kisha wakatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Waliojiandikisha wakawa wengi sana, waliolipa wakawa wachache. Mtumishi wa Tanzania anayesoma habari hizo ana haki ya kuuliza kama kadi yake nayo itageuka karatasi siku moja asubuhi.

Lakini funzo la Kenya linasomwa vibaya. Lililoleta tabu kule halikuwa kuwaingiza watu wote. Lilikuwa ni kubadilisha kila kitu siku moja: mfuko, mchango, mitambo, na namna ya kuwalipa watoa huduma, tena kabla ya kuwa na njia ya kweli ya kupokea mchango wa mtu asiye na mshahara. Wigo wa watu na upana wa huduma ni mambo mawili tofauti, na mjadala wa Tanzania umekuwa ukiyafunga katika mzigo mmoja. Inawezekana kwenda polepole katika huduma. Kwenda polepole katika watu ndiko kunakoua mfuko.

Sababu yake si ya siasa tu, ni ya hesabu. Bima husimama kwa sababu wengi walio wazima huwachangia wachache walio wagonjwa, na zamu hubadilika. Mfuko ukiwa wa hiari, anayejiunga kwanza ni yule ambaye tayari anaumwa au anajua kwamba ataumwa. Mwenye afya husubiri. Gharama hupanda, mchango hupandishwa ili kuzifikia, na wazima waliokuwa wamejiunga hujitoa kwa kuona ni ghali. Hilo limekwisha kutokea hapa nchini mbele ya macho ya watu. Toto Afya Kadi, iliyoanzishwa mwaka 2016 kwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, ilikuwa jambo jema lililowapa nafuu wazazi wengi. Lakini wengi walioandikishwa walikuwa watoto waliokwisha kuugua, na mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ulisimamishwa, ikaelekezwa kwamba watoto waandikishwe kupitia shule. Wazazi walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa ya haki, kwani mtoto mwenye ugonjwa wa moyo hangoji utaratibu. Kosa halikuwa la wazazi hao wala la watoto. Mlango uliachwa wazi kwa mtu mmoja mmoja mahali ambapo ulipaswa kufunguliwa kwa darasa zima, na kwa shule zote.

Mfuko wa Afya ya Jamii nao ulikumbwa na ugonjwa huohuo katika vijiji vingi. Mkulima alilipa akiwa na fedha za mavuno na mgonjwa nyumbani. Mwaka uliofuata mgonjwa akiwa amepona, na pengine zahanati ikiwa haina dawa, hakuona sababu ya kulipa tena. Baadhi ya maofisa waliandika katika taarifa zao kwamba wananchi hawana mwamko. Huo ni umangimeza. Mwananchi anayekataa kulipia kabati tupu ana mwamko wa kutosha.

Bunge lilikwisha kuliona jambo hili. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulifikishwa bungeni mwaka 2022, ukarudishwa kwa kazi zaidi baada ya kukosolewa, na ukapitishwa tarehe 2 Novemba 2023. Inafaa kukumbuka kwa nini ulikwama mara ya kwanza. Ulikuwa umekusudia kumlazimisha mwananchi kwa kumnyima huduma nyingine, kama leseni ya udereva, pasi ya kusafiria au nafasi ya kidato cha tano, mpaka aonyeshe bima. Tena kiasi kilichotajwa wakati ule kwa kaya ya watu sita isiyo na mshahara kilikuwa shilingi 340,000 kwa mwaka. Kutoka 30,000 kwenda 340,000 si hatua, ni kuruka genge. Wabunge walisema hivyo kwa lugha mbalimbali, nao walikuwa sahihi.

Sheria iliyopatikana iliweka wajibu kwa kila mkazi kuwa na bima, na iliweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, ikitaja vyanzo kama ushuru wa pombe, wa vipodozi na wa vinywaji vyenye gesi, pamoja na kodi ya michezo ya kubahatisha. Katika kampeni za mwaka 2025 mgombea wa CCM, Rais Samia Suluhu Hassan, aliahidi kwamba utekelezaji ungeanza kwa majaribio katika siku 100 za kwanza, kwa kuanza na wazee, watoto, wajawazito na watu wenye ulemavu. Kuanza na wanyonge ni uamuzi wa heshima, tena ni kinyume cha ulivyokuwa mwaka 2001. Hata Zanzibar, ilipoanzisha Mfuko wake wa Huduma za Afya mwaka 2023, ilianza na watumishi wa umma, kwa kuwa mshahara ni rahisi kuukata. Hofu iliyopo ni moja tu: majaribio yasije yakawa makazi. Kila hatua isiyokuwa na tarehe ya hatua inayofuata hugeuka kuwa kituo cha mwisho.

Historia ina mifano ya pande zote. Wajerumani waliojenga boma la Tukuyu, wakaliita Langenburg Mpya na kuwatoza kodi ya kichwa wananchi wa Rungwe, walikuwa kwao wamekwisha kutunga sheria ya bima ya ugonjwa mwaka 1883, enzi ya Bismarck. Walianza na wafanyakazi wa viwandani. Wajibu wa kila mkazi wa nchi hiyo kuwa na bima ulikamilika mwaka 2009, yaani baada ya miaka 126. Uingereza, iliyochukua boma hilohilo baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilikwenda kwa njia nyingine: ripoti ya Beveridge ilitolewa mwaka 1942 vita vikiendelea, na tarehe 5 Julai 1948 huduma ya afya ikafunguliwa kwa watu wote siku moja, wakati nchi hiyo ilikuwa na madeni makubwa na chakula bado kikigawiwa kwa mgao. Hakuna mwananchi wa Kisiba awezaye kungoja miaka 126. Wala Tanzania haina hazina ya Uingereza, hata ile ya mwaka 1948.

Mfano ulio karibu zaidi kwa hali na kwa pato ni Rwanda. Huko mifuko ya vijiji ilijaribiwa katika wilaya tatu mwaka 1999, nchi ikiwa imetoka katika maangamizi ya mwaka 1994. Majaribio hayakuachwa yakaota mizizi ya kudumu. Katika miaka michache yalienezwa nchi nzima, na sheria ikaja kumtaka kila mkazi ajiunge. Ilipoonekana kwamba mchango wa aina moja unawaumiza maskini, mwaka 2011 uligawanywa katika ngazi za faranga 2,000, 3,000 na 7,000 kwa mtu kwa mwaka, na walio chini kabisa wakalipiwa. Nani yuko ngazi gani halikuwa swali la kompyuta ya mjini peke yake; wanakijiji walikaa kikao wakatajana. Kitita cha huduma kilikuwa chembamba mwanzoni na kikapanuka baadaye. Watu waliingia wote, huduma zikaongezwa kadiri nguvu ilivyoongezeka.

Hata katika mila za Rungwe jambo la namna hii si geni. Wanyakyusa wa zamani walikuwa na vijiji vya marika, vijana wa rika moja wakijenga pamoja na kuishi pamoja, na katika sherehe ya ubusoka madaraka ya nchi yalikabidhiwa kwa kizazi kizima kwa wakati mmoja. Maandalizi yalichukua miaka mingi. Makabidhiano yenyewe hayakufanywa kwa kuingia mmoja mmoja.

Linabaki suala la fedha, na hapo ndipo mtumishi hujihisi kuwa yeye ndiye atakayebebeshwa mzigo. Husema: mchango wangu hukatwa kila mwezi bila kuulizwa, kwa nini nichanganywe mfuko mmoja na mtu asiyelipa kitu? Swali hilo linastahili jibu la hesabu. Mtumishi mwenye mshahara wa shilingi 800,000 hukatwa shilingi 24,000 kwa mwezi, na mwajiri huweka 24,000 nyingine. Kwa mwaka zinakuwa 576,000. Nusu ya pili, shilingi 288,000, haitoki mfukoni mwa katibu mkuu wala mkurugenzi wa halmashauri. Hutoka Hazina, na Hazina hujazwa na kodi, ikiwa ni pamoja na ile ambayo mkulima wa Kisiba huilipa kila anaponunua sabuni, mafuta, vocha ya simu na bati la nyumba yake. Mkulima huyo amekuwa akiichangia kadi ya mwalimu kwa zaidi ya miaka 20 bila kuwa na kadi yake mwenyewe. Azimio la Arusha lilionya juu ya jambo la namna hiihii, lilipotaja hospitali kubwa za mijini ambazo mkopo wake hulipwa kwa mazao ya watu wasiotibiwa humo. Walimu waliofundisha Azimio hilo darasani wanaijua sehemu hiyo kuliko wengine.

Wala mtumishi asidhani kwamba mfuko ulio wake peke yake unamlinda. Taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ya mwaka 2021/22 ilionyesha kwamba Mfuko wa Taifa ulitumia kuliko ulivyokusanya. Mwezi Machi mwaka 2024, kitita kipya cha bei kilipoanza, baadhi ya hospitali binafsi ziliacha kwa siku kadhaa kuwapokea wenye kadi, na wafanyakazi wa ofisi zenye viyoyozi wakaonja kidogo yale ambayo jirani zao huyaonja kila wanapougua. Mfuko mdogo wa watu wanaozeeka pamoja, wanaostaafu pamoja na kupata shinikizo la damu na kisukari pamoja, hauna nguvu ya kudumu. Nguvu ziko katika vijana wengi wenye afya walioko mashambani, kwenye pikipiki na sokoni, ambao leo hawamo.

Bila shaka mkulima naye sharti alipe anachoweza. Haitafaa kumhesabu kila asiye na mshahara kuwa fukara. Katika Rungwe mkulima wa chai huuza majani mabichi kwa kilo na kulipwa kwa utaratibu wenye makato. Wa maziwa hupeleka kwenye kituo cha kukusanyia. Wa kakao na kahawa hupitia chama cha ushirika. Hizo ndizo njia za kupokelea mchango, kidogo kidogo, wakati fedha zipo mkononi, badala ya kumfuata mtu mwezi wa Februari na kumdai wa mwaka mzima. Ushirika Afya ulikwisha kujaribu kupita njia hiyo. Tatizo kubwa zaidi liko kwa mkulima wa ndizi, ambaye humuuzia mchuuzi barabarani na hakuna karatasi yoyote inayobaki. Kwa huyu, na kwa mjane, na kwa kijana anayefanya vibarua, ushuru wa bia na soda ulio katika sheria ndio wa kutegemewa. Ghana ilifanya hivyo kwa uwazi tangu ilipotunga sheria yake mwaka 2003, kwa kuongeza tozo ya asilimia 2.5 juu ya bidhaa na huduma, na tozo hiyo ndiyo ikawa nguzo kubwa ya mfuko wao. Lakini hata Ghana ilijifunza kwamba fedha zilizokusanywa kwa jina la wagonjwa, zikicheleweshwa Hazina, huziacha hospitali zikidai na wagonjwa wakirudishwa. Ushuru wa bima ya afya hapa nchini upelekwe kwenye mfuko kila mwezi, na kiasi chake kisomwe hadharani kama yanavyosomwa matokeo ya mitihani.

Upande wa huduma, polepole inaruhusiwa, na pengine inatakiwa. Kitita cha kwanza kiwe kile ambacho zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya vinaweza kukitoa kweli: malaria, homa ya mapafu, uzazi pamoja na upasuaji wake, watoto, majeraha, kisukari, shinikizo la damu na rufaa ya dharura. Figo, saratani na upasuaji wa moyo viingizwe kwa tarehe zinazotajwa, si kwa ahadi ya jumla. Mpango wa mwaka 2007 wa afya ya msingi ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya, na kazi hiyo imefanyika kwa kiasi kikubwa bila kukamilika. Bima haitibu malaria. Mganga na dawa ndivyo vitibuvyo. Fedha za bima zikifika zahanati yenyewe, na kamati yake ikawa na sauti juu ya kununua dawa Bohari ya Dawa inapopungukiwa, mkulima ataona mwaka wa kwanza kwamba alicholipa kimerudi. Zikizungukia kwenye hesabu za halmashauri mpaka mwaka uishe, hatalipa mwaka wa pili, na taarifa nyingine itaandikwa juu ya mwamko.

Katika uandikishaji walimu na watendaji wa vijiji hawana mbadala. Wao ndio wanaojua nani ni mkazi, nani amehamia Chunya kutafuta dhahabu, nani ni yatima. Orodha ya wasio na uwezo isitengenezwe ofisini Tukuyu kwa kunakili ile ya TASAF na kuisahihisha kwa upendeleo. Isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, jina baada ya jina, na anayepinga asimame apinge. Itachukua siku mbili za kelele. Siku mbili hizo ni rahisi kuliko miaka kumi ya manung'uniko.

Liko pia jambo la kaya ya watu sita, ambalo linaonekana dogo kwenye karatasi. Hesabu hiyo ilitokana na mtumishi: yeye, mwenzi wake na wategemezi wanne. Vijijini Rungwe, kama kwingineko, yuko bibi aliyebaki na wajukuu saba baada ya wazazi wao kufa au kwenda mjini. Mchango ukihesabiwa kwa kaya, bibi huyo atatakiwa achague nani kati ya wajukuu wasiwe na kadi, au alipe mara mbili kama mtu mwenye kaya mbili. Kanuni inayoweza kurekebishwa kwa sahihi ya waziri haihitaji kungojea mjadala wa Bunge, na ofisi za ustawi wa jamii za wilaya zinaweza kuanza sasa kuhesabu ni nyumba ngapi za namna hiyo zilizoko katika kila kata.